Kabla ya kununua Mark II, mkulima hesabu msimu kwanza

Kila mwaka mahindi yakishatoka shambani, ukikaa kituo cha mabasi cha Korogwe au pale Chanika mjini Handeni, utaona magari ambayo mwezi uliopita hayakuwapo. Si mapya ya kiwandani. Ni Mark II GX 100 na GX 110, Carina, Premio na ndugu zao, ambayo yametumika Japani, yakatumika Dar es Salaam, pengine yakapita Tanga mjini, na sasa yamefika kwa mkulima wa mahindi, mnunuzi wa ufuta au mwenye duka la pembejeo. Swali la kwanza la mtaani huwa ni moja: "Hilo namba gani?" Likiwa namba D watu hutikisa kichwa kwa heshima. Likiwa namba B, hutabasamu.

Mimi ni mmoja wa walionunua. Mwaka 2018 nilinunua GX 100 namba C, na hadi leo ninalo. Ndugu, marafiki na hata wakulima ninaokutana nao kazini huniuliza kama gari hili ni zuri na kama ni imara. Nimekuwa nikijibu ndiyo, kwa sababu ni kweli. Lakini jibu hilo fupi lilimgharimu mjomba wangu ekari saba za mahindi. Ndiyo maana leo naona ni vema nilitoe jibu refu.

Nianze na sifa, maana gari hili halistahili kusingiziwa. Mark II za kundi la GX 100 zilitengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2000, na GX 110 zikafuata hadi mwaka 2004, Toyota ilipoacha jina hilo na kuleta Mark X. Nyingi zilizoko kwetu zina injini ya 1G-FE, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita 1,988. Injini ya silinda 6 za mstari hutulia sana. Ukiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye lami kati ya Mkata na Handeni, unaweza kuzungumza na abiria wa nyuma bila kupaza sauti. Viti ni vipana, springi ni laini, na mzee mwenye mgongo mbovu husafiri karibu kilomita 300 kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam akashuka bila kulalamika. Aliyezoea kubanwa watu wanne kwenye kiti cha watu watatu anajua starehe hiyo ina thamani gani.

Kuhusu uimara pia, sifa ni za kweli. Injini hiyo ilifungwa pia kwenye Chaser, Cresta na baadhi ya Crown, kwa hiyo mafundi wanaijua na spea zake, mpya na za mtumba, zinapatikana. Kisichopatikana Korogwe hupatikana Tanga, na kisichopatikana Tanga huletwa na basi kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Kwa mtu wa wilayani, gari ambalo fundi wa chini ya mwembe analifahamu ni bora kuliko gari jipya linalohitaji kompyuta ya mjini.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi wetu tunapofumba macho.

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65. Kwenda na kurudi ni kilomita 130. Gari langu, likiwa na afya nzuri, hutembea kilomita 9 kwa lita moja ya petroli. Safari hiyo moja basi hula lita 14 na nusu hivi. Bei ya petroli hubadilika kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, kwa hiyo msomaji aweke bei ya mwezi wake. Kwa kurahisisha, tuseme lita ni shilingi 3,000. Hiyo ni takriban shilingi 43,000 kwa siku moja. Sasa tuseme nauli ya gari la abiria ni shilingi 4,000 kwenda na 4,000 kurudi. Petroli peke yake ni sawa na nauli za watu watano na zaidi, na gari lenyewe lina nafasi ya watu watano pamoja na dereva. Kwa maneno mengine, hata ukilijaza familia nzima, hujaokoa hata senti moja. Ukisafiri peke yako, umelipa nauli mara tano.

Na hiyo ni petroli tu. Tangu siku ya kwanza nimekuwa na daftari ndani ya gari. Kila kinachotoka mfukoni kwa ajili ya gari hili huandikwa humo: oili, filta, plagi, matairi, shokapu, bushi, boljointi, betri, bima, hata pancha. Nilipojumlisha miaka mitatu ya kwanza, niliona kwamba kila shilingi 100 niliyoweka kwenye tangi la petroli ilifuatwa na zaidi ya shilingi 50 za mambo mengine. Ile safari ya shilingi 43,000 kumbe ilikuwa ya shilingi 65,000. Mahindi yakiwa shilingi 500 kwa kilo, hizo ni kilo 130. Yaani safari moja ya kwenda Korogwe kunywa chai na kusalimia ndugu imekula gunia la mahindi pamoja na debe moja na nusu juu yake.

Sisemi watu wasiende kunywa chai. Nasema wajue bei ya chai hiyo.

Sasa nirudi kwa mjomba. Yeye ni mkulima wa upande wa Sindeni, mwenye ekari 12 za mahindi na michungwa michache, na nyumba yake iko kilomita 9 za vumbi kutoka kwenye lami. Mwaka 2019 alivuna vizuri. Alinipigia simu mwezi wa Septemba. "Mpwa wangu," akaniambia, "nimepata GX 110, safi, ya mtu mmoja tu. Wewe unayo la aina hiyo. Niambie, ni gari zuri?" Nikamwambia, "Zuri, mjomba. Nenda na fundi, usiende peke yako." Nilijiona nimemshauri kitaalamu. Sikumuuliza fedha inatoka wapi. Sikumuuliza msimu unaofuata ataulima kwa fedha ipi. Mimi ndiye mchumi wa kilimo katika ukoo, na swali la kilimo ndilo nililolisahau.

Aliuza mahindi yote isipokuwa ya chakula, akaongeza fedha za machungwa na ng'ombe wawili, akalipa. Kwa mwezi mmoja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote niliowajua. Kisha ikaja vuli ya mwaka 2019. Wasomaji wa Handeni na Korogwe wanaikumbuka: mvua ilinyesha kupita kiasi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na mkoani kwetu mafuriko yalikata barabara na kuchukua watu. Zile kilomita 9 za mjomba zikawa tope.

Hapa lazima tuelewe gari lenyewe lilivyoumbwa. Mark II ni gari la lami. Tumbo lake liko takriban sentimita 15 tu kutoka ardhini likiwa tupu, na ukipakia watu na mizigo hushuka zaidi. Linasukumwa na tairi za nyuma, hivyo kwenye utelezi mkia huyumba na gari hugeuka kutazama lilikotoka. Carina na Premio za kawaida huvutwa na tairi za mbele na hujitahidi kidogo kwenye tope, lakini tumbo lao nalo ni la chini. Mjomba alipopita kwenye korongo dogo, jiwe lilitoboa sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Bahati nzuri aliona taa ya oili na kuzima mara moja. Angeendelea dakika chache tu, injini ingekufa. Zikafuata shokapu mbili za mbele, kisha bushi, kisha stelingi ikaanza kupiga kelele. Kosa halikuwa la gari. Gari lilikuwa likifanya kazi ambayo halikutengenezewa.

Ilipofika Februari 2020, wakati wa kuandaa mashamba ya masika, mjomba hakuwa na fedha ya trekta, wala ya mbegu, wala ya mbolea. Ekari moja ya mahindi huhitaji kilo 8 hadi 10 za mbegu, na huwezi kwenda kwa muuza pembejeo ukamwambia una gari. Alilima ekari 5 tu. Ekari 7 zilikaa na magugu. Tena katika zile 5, alilazimika kuuza sehemu ya mahindi yakiwa bado machanga shambani, kwa yule mnunuzi anayekupa fedha leo na kuja kuchukua gunia kesho kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Kila mkulima anaijua biashara hiyo, na kila mkulima anajua nani hucheka mwisho.

Lakini sitatenda haki nikiishia hapo. Julai 2020, usiku wa manane, mke wa mjomba alizidiwa. Barabara ilikuwa kavu. Mjomba akamlaza kiti cha nyuma, akaendesha taratibu zile kilomita 9, akaingia lami, na kumfikisha Hospitali ya Magunga, Korogwe, kabla hakujakucha. Daktari alisema wangesubiri gari la asubuhi wangechelewa. Leo mama yule yupo, anapika na kutania watu kama kawaida yake.

Nilipokwenda kuwatembelea nilimuuliza mjomba kama anajuta. Alifikiri kidogo, akasema: "Gari sijutii. Najutia mwezi niliolinunua."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya uchumi wa gari la mkulima. Starehe na uimara wa magari haya ni wa kweli, na sikubaliani na wale wanaosema mkulima kumiliki gari ni anasa. Mkulima naye ana mgongo, ana mgonjwa, ana muda unaopotea kituoni. Lakini gari la kutembelea halinunuliwi kwa fedha ya mbegu. Fedha inayotoka kwenye mavuno haijawa yako yote. Sehemu yake ni ya shamba, nayo hudai kabla ya mwenye shamba. Ikishatengwa fedha ya trekta, mbegu, mbolea, palizi na chakula hadi mavuno yanayofuata, kinachobaki ndicho chako. Kama kinachobaki hakitoshi gari, gari lisubiri. Magari haya hayaishi sokoni, na kila mwaka unaopita bei yake hushuka. Subira hapa hailipiwi riba. Inakulipa wewe.

Mtu mwingine ninayemfahamu, mfanyabiashara wa nguo anayeuza Manundu na kwenye magulio ya upande wa Handeni, alinunua GX 110 kama ya mjomba, na kwake imelipa. Tofauti si gari. Njia yake karibu yote ni lami, fedha yake huingia kila wiki na si mara moja kwa mwaka, na kabla ya kununua alikuwa akikodi gari la mtu mara mbili kwa juma. Yeye gari lilimpunguzia gharama aliyokuwa nayo tayari. Mjomba gari lilimwongezea gharama ambayo hakuwa nayo. Ndiyo maana ushuhuda wa mwenye gari, hata ukiwa wa kweli kabisa, haukusaidii mpaka ujue anaishi wapi na fedha yake huingia lini.

Kwa anayejiandaa kununua, nina mambo machache ya kumwambia, yote nimeyalipia ada.

Kwanza, pima kilomita za vumbi kutoka mlangoni kwako hadi lami, kisha uzipite kwa miguu wakati wa masika. Kama bodaboda hukwama, Mark II haitapita. Wengine hufunga spesa ili kuliinua gari. Husaidia kiasi, lakini ukiliinua kupita kiasi unahamishia maumivu kwenye boljointi na stelingi. Kama kazi yako kubwa ni kutoa mazao shambani, kirikuu itakuchosha mgongo lakini itabeba magunia. Buti la gari la kutembelea si la kujazwa kama lumbesa.

Pili, usidanganywe na namba. Herufi ya namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini wala limetunzwaje. Nimeona namba B iliyotunzwa na mwalimu mstaafu ikiwa nzima kuliko namba D iliyopigwa safari za usiku na mchana. Vilevile usiamini sana kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Amini oili, moshi, sauti ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, na hali ya chini ya gari.

Tatu, ulizia mkanda wa taimingi. Kwenye 1G-FE mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa gari la kununua mkononi mwa mtu, historia hiyo mara nyingi haipo, kwa hiyo ubadilishe ukishanunua na uandike tarehe. Hesabu gharama hiyo kama sehemu ya bei ya gari.

Nne, jihadhari na zile zenye maandishi ya D-4. Ni injini nzuri, lakini petroli hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya mgandamizo mkubwa, na pampu hiyo haipendi mafuta machafu. Tunaokumbuka enzi za uchakachuaji, kabla EWURA haijaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka 2011, tunajua magari mangapi yaliharibika kwa petroli iliyochanganywa. Hali ilibadilika, lakini petroli ya kwenye chupa za maji kijijini bado haina wa kuipima. Kama huko ndiko utakakojazia, chagua injini ya kawaida.

Tano, hakikisha kadi ya gari inahamishiwa jina lako TRA mapema. Gari lenye jina la mtu mwingine ni kama shamba lenye hati ya jirani.

Sita, na hili ndilo kubwa kwa upande wa uimara: kila unapoweka petroli, weka nusu ya kiasi hicho pembeni, kwenye simu au kwenye kibubu. Hapo ndipo itakapotoka fedha ya oili kila kilomita 5,000, ya matairi na ya shokapu. Gari haliwi imara kwa jina lililoandikwa nyuma yake. Huwa imara kwa fedha iliyosubiri ubovu kabla ubovu haujafika. Wengi wanaosema gari limewashinda, ukichunguza utaona limewashinda kwa shilingi laki moja na nusu ambayo haikuwapo siku ile ilipohitajika, ubovu mdogo ukazaa mkubwa.

Nimalizie kwa wenye mamlaka, kwa sababu si kila kitu ni kosa la mkulima. Lami ya Mkata, Handeni hadi Korogwe imebadilisha maisha ya watu wa huku, na bila hiyo nisingekuwa na makala ya kuandika kuhusu starehe ya Mark II. Lakini mazao hayaoti kandokando ya lami. Yako ndani, kwenye zile barabara za vijijini ambazo tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Kila korongo lisilo na kalavati ni kodi ambayo mkulima hulipa kwa fundi. Halmashauri zinapopanga bajeti, zingekumbuka kwamba kilomita 9 zilizochongwa na kuwekwa mitaro vizuri zinaweza kuokoa fedha nyingi kuliko semina nyingi za ujasiriamali.

Mjomba bado ana lile GX 110. Siku hizi masika ikianza huliacha kwa rafiki yake aliye karibu na lami, na kutoka nyumbani hupanda bodaboda. Mwaka jana alilima ekari zote 12, na fedha ya mbegu aliinunulia mbegu mapema kabla hajanunua kitu kingine chochote, hata tairi. Aliponipigia simu kuniambia, aliongeza kwamba jirani yake kavuna ufuta vizuri na anataka gari, na ameniombea kwake kazi ya kumshauri.

Safari hii najua nitaanza na swali gani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.